Aliyehamisha Jiwe la Serikali

Doto aliingia Msitu wa Nyakasanda kuiba mchanga wa serikali, akamkuta mtumishi wa serikali amelala juu yake.

Ilikuwa Jumanne alasiri, mwezi wa Januari. Aliyelala alikuwa Pantaleo, bwana misitu, kifudifudi kando ya jiwe la mpaka, kisogo kimepasuka. Doto, mchimbaji wa dhahabu aliyetokea Tinde, alikuwa na sababu zote za kunyamaza, maana duara lake, shimo lisilo na kibali cha mtu yeyote, lilikuwa karibu na hapo. Hakunyamaza. Alikimbia hadi barabara ya Biharamulo, akaazima simu, akawaita polisi.

Inspekta Mwahija Akida alifika jua likiwa bado juu, pamoja na Koplo Wiliam. Mwahija alizaliwa Kambarage, mjini Shinyanga, kwa wazazi wa Pangani. Kisukuma alikijua cha sokoni na cha msibani, basi. Wiliam alitoka Njombe na alikuwa bado anashangaa kila kitu.

"Afande, watu wa hapa ni wavivu kiasi hiki?" aliuliza walipopita kijijini. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika mashamba ya pamba, ingawa magugu yalikuwa yakiota, na kila nyumba jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani.

"Kuna msiba," Mwahija alisema. "Kwa Wasukuma wa huku mtu akishafariki, jembe halishikwi kijiji kizima mpaka azikwe. Ila la kaburi tu."

"Na ukishika?"

"Utalipa dume la ng'ombe. Halafu siku ukifa wewe, utajichimbia kaburi mwenyewe."

Msituni Mwahija aliukagua mwili taratibu. Pigo lilikuwa moja, la kitu kizito, kutoka nyuma. Rungu la Pantaleo lilikuwa limeegemezwa kwenye mti kwa utulivu, kama mtu aegemezavyo fimbo anapoingia kwa jirani. Viganja vyake vilikuwa na udongo mbichi na vumbi la saruji. Wiliam aliligusa jiwe la mpaka kwa mguu, likacheza kama jino la mtoto.

"Halijalala hapa hata siku mbili," Mwahija alisema.

Walifuata alama za kitu kilichoburuzwa. Zilipita katikati ya ngitili, yaani malisho ya zamani yaliyofungwa ili nyasi na miti ipumzike, zikaishia upande wa kijijini kwenye shimo lililofunikwa majani. Hapo ndipo jiwe lilipokuwa kabla halijasogezwa ndani ya msitu. Alhamisi, wapima wa wizara walikuwa waje kuhakiki mipaka. Wangelikuta jiwe lilipo sasa, ngitili ile yote ingehesabiwa kuwa ya kijiji, siyo hifadhi ya taifa.

Nani angefaidi? Doto angefaidi, kwa kuwa duara lake lilikuwa humo. Mfugaji yeyote angefaidi, kwa majani. Na Abel, mwenyekiti wa kitongoji, angefaidi pia, kwa sababu ngitili ile ilifungwa na marehemu baba yake kabla serikali haijaweka mawe.

Kijiji hakikuwa na haja ya hesabu hizo. Waliporudi, mgambo walikuwa wameshamfunga kamba mfugaji mmoja aitwaye Mayala. Pantaleo alikuwa amekamata ng'ombe wake hifadhini juma lililopita, na Mayala alimtukana mbele ya watu mpaka watoto wakajifunza maneno mapya.

Mwahija alimfungua kamba, akamfunga pingu. Tofauti kwa mfungwaji si kubwa.

"Jana ulikuwa hapa?"

"Nilikuwepo."

"Na leo asubuhi?"

"Nilichunga."

"Wapi?"

"Mtoni. Mbali na huo msitu wao."

"Nani alikuona?"

"Ng'ombe, afande. Waulize."

Mke wake, Vumilia, alisogea, mtoto mgongoni. "Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama."

"Usimsikilize huyu, akiogopa anakuwa na mdomo. Bibi Mbuke alikata roho jogoo wa kwanza. Baragumu ikapigwa kungali giza, wanaume wakaenda msibani. Wangu akapeleka ng'ombe, maana ng'ombe hawajui msiba, wanataka kula. Ukimpeleka Geita, atarudi lini?"

Kosa la mauaji halina dhamana, na watu huzeeka mahabusu wakingoja kesi ianze. "Gari linaondoka kesho adhuhuri," Mwahija alisema. "Mpaka hapo, yuko kwangu."

Jumatano asubuhi alianza na Doto.

"Ulichimba jana?"

"Jana asubuhi nilikuwa Buseresere, nasaga mawe kwa Abdulshakur. Wewe mpigie tu, anipende asinipende atasema kweli, maana tuligombana pale mpaka watu wakatuzunguka."

Abdulshakur, mwenye karasha, alikiri kwenye simu kwamba waligombana mpaka mchana, akataka aambiwe kama Doto atafungwa. Alipoambiwa hapana, alisikitika.

Kisha Mwahija alikwenda kwa Abel. Alimkuta mwenyekiti mlangoni, peke yake. Mkewe alikuwa ameondoka juma zima kumlea binti yao aliyejifungua. Abel alimpa kigoda, akamwuliza habari za safari, akamshukuru kwa kumkamata Mayala.

"Jembe lako lina udongo mbichi, Mwenyekiti."

Abel alilitazama bila haraka. "La jana hilo. Nilikuwa shambani tangu alfajiri, napalilia pamba. Mchana nikasikia vilio vya kwa Ritha, nikaliacha, nikakimbilia msibani."

"Ulimkuta nani huko?"

"Kila mtu. Wanachimba kaburi. Kiongozi akifika msibani haulizi maswali kama mgeni, mama. Anashika sepetu."

"Ni kweli," Mwahija alisema, akaaga.

Njiani Wiliam alisema, "Huyu angalau ana maelezo yaliyonyooka."

"Yamenyooka mno," Mwahija alijibu. "Twende tukatoe rambirambi. Mlete na Mayala."

Kwa Ritha, binti wa marehemu Mbuke, wanaume walikuwa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Kaburi lilikuwa tayari, wakingoja mchungaji. Mwahija alivua viatu, akakaa mkekani, akalia kidogo kwa adabu, ingawa hakumjua marehemu. Abel alipofika na kukaa mbele, penye kiti cha kuegemea, Mwahija aliinuka.

"Wazee, mnisamehe. Mwenyekiti anisaidie jambo moja mbele yenu, kabla sijamchukua huyu kijana. Jana asubuhi ulikuwa wapi, Mwenyekiti?"

"Si nimekwisha kukuambia? Shambani. Nimepalilia tangu alfajiri mpaka niliposikia vilio."

Mzee mmoja aliyekuwa akivuta ugoro aliacha kidole palepale kilipofika.

Ritha aliinua kichwa polepole. "Ulipalilia?"

"Ndiyo, dada. Kabla ya msiba."

"Kabla gani, Abel? Mama amekufa jogoo wa kwanza. Baragumu imelia kungali giza. Mama yangu amelala humo ndani, wewe unapalilia pamba?"

Abel aligeuka kuwatazama wazee, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemtazama. Wengine walikuwa wameanza kusogeza miguu mbali na kiti chake. Alipofungua mdomo, hakumjibu inspekta. Alimjibu Ritha.

"Hapana, dada. Sikulima. Nakuapia kwa kaburi la baba yangu, jembe halikugusa shamba. Mama Mbuke alinilea. Nisingeweza."

"Basi liligusa wapi?" Mwahija aliuliza.

"Uliondoka nyumbani kabla baragumu haijapigwa," Mwahija aliendelea kwa upole. "Ulikuwa mbali, hukuisikia. Ulirudi mchana ukakuta watu wanalia, ukadhani mauti yamefika saa ileile. Hukuuliza, maana kiongozi haulizi. Pantaleo alikukuta unachimbia jiwe. Aliegemeza rungu lake mtini, kwa hiyo alikujua na hakukuogopa. Viganja vyake vina saruji. Alikuwa anafanya nini, Mwenyekiti?"

Abel alishika kichwa.

"Ile ngitili aliifunga baba yangu. Mimi nilikuwa mtoto, nikifukuza mbuzi isikanyagwe. Wakaja na mawe yao, wakasema sasa ni ya serikali, ni ya wote. Nimesema kwenye mikutano yote. Kila afisa anaandika, anakunywa soda, anaondoka. Ya wote, lakini mimi nikiokota kuni humo ni mwizi."

"Nimekuuliza habari za Pantaleo."

"Hakugomba." Sauti yake ilishuka. "Alisema, Abel, turudishe kabla wapima hawajaja, mimi sijaona kitu. Akainama kushika upande wake. Nikaona likirudi pale, halitatoka tena mpaka nife. Mtaimbo ulikuwa mkononi mwangu."

Mwanamke mmoja alianza kulia, na haikujulikana analia kwa ajili ya nani.

"Na mimi?" Mayala aliuliza. "Ulikuja jana jioni, ukawaambia mgambo wanifunge vizuri nisitoroke."

Wiliam alimfungua Mayala pingu, akazihamishia mikononi mwa mwenyekiti.

"Dada Ritha," Abel alisema akisimamishwa, "niruhusu nimtupie mama udongo. Kidogo tu."

"Nenda, Abel," Ritha alisema. "Mikono hiyo kaioshe kwanza kwa watu wa Pantaleo."

Wakampeleka garini. Wale waliomfunga Mayala kamba jana yake sasa walibanana kwenye benchi, wakapigapiga kwa viganja mahali patupu ili akae. Mayala aliwaamkia wote, mmoja mmoja, kwa heshima, akawapita. Alikwenda alipokuwa mkewe, akamchukua mtoto, akakaa naye chini kwenye vumbi, wakamngoja mchungaji.