Risaga ya Oduol

Kila asubuhi binti yake akienda kuteka maji, Susana alisimama mlangoni na kuimba. Aliimba chinichini wimbo mmoja wa kanisani, mara nne. Wimbo ukiisha mara ya nne, Dorah alitakiwa awe ametokeza kwenye kona ya mkonge, dumu kichwani. Asipotokeza, Susana aliacha uji jikoni akakimbia.

Chemchemi haikuwa mbali. Shida ilikuwa njia.

Hapo ni kwenye kitongoji kimoja upande wa Kisaka, wilaya ya Serengeti. Zamani palikuwa na mashamba ya wimbi na mihogo, na ng'ombe wakichungwa kando. Siku moja mtu akaokota jiwe lenye dhahabu. Habari ikafika Mugumu, ikafika Tarime, ikavuka mpaka Sirari na kuingia Kenya. Watu wakaja na sururu na magodoro. Wachimbaji huita jambo hilo rashi. Rashi ile ilidumu miezi saba. Dhahabu ilipopungua, watu walikunja magodoro wakaenda kwingine. Nimeziona rashi nyingi, na zote huondoka hivyo hivyo. Mgeni huondoka na alichopata, shimo linabaki na mwenyeji.

Kando ya njia ya chemchemi yalibaki mashimo tisa. Yalikuwa marefu kwenda chini, na nyasi zilikuwa zimeota zikaficha midomo yake.

Mwaka mmoja nyuma Susana alikuwa na mtoto mwingine, mkubwa kwa Dorah. Aliitwa Oduol. Alikuwa na miaka kumi. Jioni moja alikimbiza mbuzi kwenye nyasi zile. Mbuzi alirudi nyumbani peke yake.

Tangu siku ile majirani waliacha kumwita Susana mama Oduol. Wakamwita mama Dorah. Walifanya kwa huruma. Lakini kila alipoitwa hivyo, Susana aliona kama mtoto anazikwa tena.

Mumewe, Omolo, alikuwa mchimbaji. Miaka minane alihama shimo hadi shimo, akirudi nyumbani kwa sikukuu. Alirudi kumzika mwanawe, na safari hii hakuondoka tena. Siku moja alimkuta mkewe akipepeta wimbi, akaketi karibu.

"Mwaka unatimia," alisema. "Nataka kumbukumbu ya Oduol ambayo hapa haijaonekana. Turubai kutoka Mugumu. Spika na jenereta. Fahali wawili. Na mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi wa nini?"

"Wa heshima. Watu wajue Oduol alikuwa na baba."

Susana aliendelea kupepeta. "Na mashimo?"

"Nayo yamo. Watu wakishakula na kusikia hotuba, nitawaomba tuyafukie. Watu mia mbili, mama! Jioni moja tu yamekwisha."

"Umewaambia?"

"Nitawaambia pale pale. Mtu akishiba hakatai."

Susana alimwangalia, kisha akarudi kwenye ungo wake.

Siku ikafika. Turubai lilifungwa, fahali wakachinjwa. Aliyewachinja ni Athumani, fundi wa matimba kutoka Tarime, ili Waislamu na Wakristo wale pamoja. Matimba ni magogo yanayozuia kuta za shimo zisianguke. Athumani alikuja na rashi kama wengine, ila rashi ilipoondoka yeye alibaki, akaendelea na useremala.

Mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara kutoka mjini. Aliahidi kufika saa nne. Saa nane alikuwa hajafika. Watoto walilia njaa, wazee wakasinzia. Omolo akaamuru chakula kitolewe. Mgeni alifika saa kumi, akahutubia nusu saa, akapiga picha, akaondoka. Ndipo Omolo akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, pale ukutani kuna majembe na makoleo. Sasa twendeni tukafukie mashimo."

Watu walitazamana. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Mmoja akasema ng'ombe wake hawajanyweshwa. Mwingine akasema ana safari ya Nyambureti. Mzee Marwa, mwenyekiti wa kitongoji, aliinuka akajikung'uta.

"Omolo, chakula kilikuwa kizuri. Mungu amlaze mtoto pema. Lakini mimi nimevaa viatu vya kuazima."

Watu wakacheka, wakatawanyika taratibu. Ajuza Boke, jirani wa Omolo, alibaki amekaa, mkongojo magotini.

"Mura," alimwambia, maana kwa Kikurya ndivyo mzee anavyomwita mwanamume mdogo kwake. "Umetuita kwenye harusi au kwenye risaga ya kazi?"

Omolo alirudisha majembe ndani, moja moja.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi Dorah alikwenda kuteka maji. Susana aliimba mara nne. Akaanza mara ya tano, akaacha katikati, akakimbia.

Alikutana na mtoto kwenye kona. Hakuwa na dumu. Mguu mmoja ulikuwa na tope jekundu mpaka pajani.

"Ardhi ilikatika," Dorah alisema, meno yakigongana. "Nikashika nyasi. Dumu limeingia."

Susana hakupiga kelele. Alimrudisha nyumbani, akamwosha ule mguu polepole, kama vile ni wa mtoto mchanga. Omolo alisimama akiangalia maji mekundu yakitiririka uani. Kisha akatoka, akaenda kwa Athumani.

Alimkuta akikata mbao.

"Nimepoteza fahali wawili," Omolo alisema, "na jana binadamu mia mbili walipita kando ya kaburi la mwanangu kama hawalioni. Watu wa hapa hawana moyo."

"Wana moyo," Athumani alisema. "Keti kwanza."

"Unawatetea?"

"Ndugu yangu, uliwaita kula. Wakaja, wakala. Walifanya ulichowaambia. Hilo la mashimo ulilificha mpaka mwisho, kama mtu anayeficha dawa ndani ya ugali wa mtoto."

Omolo alikasirika. "Kumbukumbu ya mwanangu unaiita dawa?"

"Sijasema hivyo. Nakuuliza jambo. Kabla hujafunga turubai, ulijiuliza kesho yake asubuhi kitakuwa kimebaki nini?"

Kilichobaki kilikuwa mifupa na masufuria ya watu.

"Mimi nikijenga matimba," Athumani aliendelea, "siulizi gogo gani linapendeza. Nauliza linazuia nini. Shughuli ya watu ni vilevile. Inazuia nini? Inajenga nini? Ukishajua, siku unaichagua kwa ajili hiyo, mavazi kwa ajili hiyo, hata chakula. Lakini mimi ni mgeni hapa. Mengine kamuulize mama Boke."

Boke alikuwa uani kwake akimenya mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura. Umekuja kunidai nyama niliyokula?"

"Nimekuja kuuliza. Risaga ninaijua. Kwetu Wajaluo tunaita saga. Mwenye shamba anaita majirani, wanalima, jioni anawapa chakula. Mbona kwangu haikuwa?"

"Ulitoa chakula kwanza. Hiyo ya kwanza." Boke alitupa ganda. "Ya pili, mwenye kazi ndiye anashika jembe kabla ya wote. Wewe ulishika kipaza sauti. Ya tatu ndiyo kubwa. Risaga ya nani umewahi kwenda?"

Omolo alifikiri. Alifikiri tena.

"Miaka minane nilikuwa kwenye mashimo."

"Najua. Wakati ule tulilima shamba la mkeo mara tatu. Yeye alikuja kwetu sote, na mimba ya yule binti tumboni. Tunamjua yeye. Wewe tunakujua kwa nyama."

Maneno hayo yalimchoma. Alichukua mhogo akaumenya bila kuambiwa.

"Shamba lako limelimwa?" aliuliza mwishowe.

"Halijaguswa."

"Kesho nakuja."

Alikuja. Wiki ile alilima kwa Boke, wiki iliyofuata kwa Marwa, kisha kwa wengine. Susana alikwenda naye. Wanaume walimtania.

"Angalieni, mtu wa shimo! Ukichimba namna hiyo utafika Kenya. Sisi tunapanda wimbi tu."

Omolo alicheka nao. Mikono iliota malengelenge mahali papya. Jioni walipokula pamoja, aliwaeleza habari ya mguu wa Dorah. Hakuhutubia. Alisimulia tu. Na kila nyumba ilikuwa na mtoto anayepita njia ile ile. Mwanamke mmoja alisema yeye naye huhesabu hatua kila asubuhi, akidhani ni woga wake peke yake.

Wiki ya saba Marwa mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa tufanye ya mashimo. Jumamosi, umande ukikauka. Mtu asije na viatu vya kuazima."

Marwa alikwenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji, kuhakikisha mashimo yale hayana mwenye leseni tena. Susana na wanawake walipanga kazi. Kila nyumba ilijua shimo lake na kifaa chake kabla ya siku. Safari hii hapakuwa na turubai wala mgeni rasmi.

Jumamosi ile walikuja watu sabini. Athumani aliwakusanya mbali na mashimo.

"Sikilizeni, maana shimo la zamani ni jeuri," alisema. "Mtu asishuke ndani hata kama ameona dumu lake. Chini kuna hewa mbaya, inaua kimya. Mtu asisimame ukingoni. Mnaona mbao hizi ndefu? Tutazilaza, tusimame juu yake. Tunaanza na magwangala, yale mawe waliyoyatupa wachimbaji. Makubwa chini, madogo juu yake, mwisho udongo. Tena udongo mwingi, uinuke kama mgongo wa ng'ombe."

"Kwa nini uinuke?" Marwa aliuliza.

"Mvua ikinyesha utashuka. Ukiusawazisha leo, mwezi ujao una shimo tena."

Omolo alishika koleo kabla ya wote. Alianzia shimo alimoangukia Oduol. Jiwe la kwanza lilikuwa zito, akashindwa kuliachia. Susana alikuja akalishika upande wa pili. Wakaliachia pamoja. Walilisikia likifika.

Baada ya hapo mawe yalimiminika. Wakurya waliimba nyimbo zao, Wajaluo zao, na wimbo ulipokolea hakuna aliyeuliza ni wa nani. Jua lilipokuwa kali, Boke alipaza sauti kutoka upande wa pili.

"Mama Oduol! Leta maji huku, watu wanakauka!"

Makoleo yalisimama. Watu wakamwangalia Susana. Yeye alifuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Naja, mama!" akajibu. Na sauti yake ilikuwa nzima.

Mpaka saa kumi mashimo yote tisa yalikuwa yamefukiwa. Ndipo chakula kikatoka: ugali, maharage na togwa. Hapakuwa na nyama. Hakuna aliyeuliza nyama iko wapi.

Wakiwa wanakula, Athumani alisema, "Udongo utashuka. Nani atarudi kuuangalia?"

"Tutarudi wote," mtu alisema.

"Leo unasema hivyo kwa sababu umechoka vizuri. Mwakani utasahau. Kazi hii inataka kitu cha kuwarudisha watu hapa, kitu chenye faida."

Susana alikuwa amelifikiria jambo hilo. "Fundi, magogo yako ya matimba unayatoa wapi?"

"Mbali, mama. Miti ya karibu imekwisha. Kila rashi inakula msitu wake."

"Tukipanda sisi?"

Athumani aliweka bakuli chini. Alieleza kwamba mkaratusi unafaa kwa matimba na hukua haraka, ila unakunywa maji mengi, usikaribie chemchemi. Karibu na maji waache miti ya asili iliyokuwapo. Na juu ya mashimo wasipande mpaka mvua za msimu mmoja zipite na udongo utulie.

Ndivyo kikundi chao kilivyoanza. Wanawake kumi na wawili walitengeneza kitalu cha miche nyuma ya nyumba ya Boke. Waliandika masharti yao kwenye daftari la shule, na Dorah ndiye aliyewasomea. Sharti la kwanza lilisema kikundi kipo ili mtoto yeyote ateke maji kwa usalama. Kuuza miche na magogo lilikuwa la pili. Kila mara walipobishana, walirudi kwenye sharti la kwanza, na ubishi ukaisha. Miti ilipokua, mchimbaji akitaka kununua kwao, ilibidi kwanza azungushie shimo lake uzio wa miiba, na aahidi mbele ya Marwa kwamba atalifukia akimaliza. Wengine waliondoka wakicheka. Magogo ya karibu yalipokosekana, walirudi, na uzio wakaujenga.

Siku ya Oduol sasa ni siku ya risaga. Kila mwaka tarehe ile watu huja na majembe, huongeza udongo palipotitia, hupogoa miti, hutafuta kama kuna shimo jipya lililoachwa, kisha hula. Vitongoji viwili vya jirani vimeomba kufundishwa. Omolo ndiye anayetumwa. Akifika huko, halizungumzi jambo la mashimo mpaka kwanza awe amelima nao.

Asubuhi moja niliketi kwa Susana nikinywa uji. Tuliongea habari za wimbi na bei ya sukari. Dorah aliingia, akatua dumu, maji yakamwagika kidogo sakafuni.

Susana alishtuka. "We! Ulitoka saa ngapi?"

"Zamani, mama. Nimeshakwenda na kurudi."

Susana aliangalia mlango. Ulikuwa wazi, na yeye alikuwa ameupa mgongo muda wote.

"Sijaimba," alisema taratibu.

Akaniongezea uji.