Mtoto wa Njano

Nancy alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Alikuwa na miaka saba, na madaktari walisema usipotolewa hatafika Pasaka.

Lameki hakuyajua hayo siku walipokutana. Ilikuwa Novemba, stendi ya Bukoba imejaa, naye anauza senene, wale panzi wa kuliwa, kwenye ndoo. Mwanamke mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri akapita na mtoto mkononi. Mtoto akainama, akatapika ndani ya ndoo.

"Mngesema tu hapendi senene," Lameki alisema. "Ningeelewa."

Mwanamke alicheka huku machozi yakimtoka. "Waitu, nisamehe. Anatapika kila asubuhi. Ni kichwa, ndiyo nampeleka Mwanza."

Lameki akamwaga senene wote, akawabebea begi hadi bandarini. Mwanamke aliitwa Kemilembe, fundi cherehani wa Rwamishenye, mjane, kwao kijijini Kishanda. Lameki alikuwa na miaka arobaini na mbili na hajaoa. Meli ilipoondoka, Lameki alikuwa na namba ya Kemilembe, na ya Klaudia pia, mama wa Kemilembe, kwa dharura.

Walizungumza kwa simu wiki tatu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani kakuruhusu kuniita mpenzi?"

"Ndoo yangu."

Jioni moja Kemilembe alisema, "Kesho wanamfungua. Wanamchoma dawa kwenye mshipa, uvimbe unainyonya. Wakimulika na darubini yao, uvimbe unawaka. Wanaona pa kukata na pa kuacha."

"Kama senene basi. Washa taa, wanajileta."

"Wewe tulia hukohuko."

Hakutulia. Alivaa suti anayovaa kwenye harusi za wenzake, akapanda meli. Alipofika wodini, Kemilembe alikuwa ametoka kunawa uso. Nancy amelala, kichwa kimefungwa bendeji, ngozi ya njano. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa wa njano inayong'aa, rangi ambayo Lameki hakuwahi kuona ikitoka kwa mtu. Hakumuuliza nesi. Alitoka kwenye korido, akampigia Klaudia.

"Mama, mtoto anakwenda. Ini limekufa. Jiandaeni."

Kishanda wakajiandaa. Kabla jua halijazama watu walikuwa wamejaa, mikungu ya ndizi imekatwa, mbuzi amechinjwa, na kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kando ya kaburi la baba yake Nancy, kaburi jipya limefika kiunoni. Kemilembe alijua pale shangazi yake alipompigia akilia.

"Ni ile dawa ya mshipani, Lameki! Ndiyo ya njano, inatoka kwa mkojo, kesho imekwisha! Umemchimbia mwanangu kaburi?"

Kemilembe hakupokea simu za Lameki tena.

Lameki alikwenda Kishanda kulifukia kaburi kwa mikono yake. Klaudia alimtazama, amekaa kwenye kigoda.

"Usijaze lote," alisema. "Shimo zuri hilo. Panda mgomba."

Akapanda.

Pasaka ikapita. Msimu wa pili wa senene ulipofika, mwishoni mwa Aprili, Lameki alikuwa palepale stendi. Gauni la kijani likasimama mbele ya ndoo.

"Mama amesema mgomba wako umeshika," Kemilembe alisema. Akatoa kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na senene, wameng'olewa mbawa na miguu, mmoja mmoja.

Lameki alitazama kifurushi, kisha akamtazama yeye. Kwa Wahaya, mwanamke humchambulia senene mume wake, na mume humnunulia nguo.

"Kemi, unajua unachofanya?"

"Mimi ni fundi. Usilete gauni, leta kitambaa."

"Mimi nataka kiatu," alisema Nancy, nyuma ya mama yake.

Uvimbe wote uliowaka ulitolewa. Hesabu yake ni hii: mbuzi mmoja, mikungu kumi na minne, miezi minne na nusu ya simu zisizopokelewa, na mkono wa kushoto wa Nancy, ambao tangu upasuaji mpaka leo haushiki kikombe.