Sauti ya Kivukoni

Ndugu zangu, na hasa vijana wenzangu, naomba niwaeleze habari ya meza moja. Haikuwa meza ya kamari wala ya ugomvi. Juu yake palikuwa na karatasi, penseli na dadu, na kila Jumapili mchana tuliketi hapo watu wanne: baba, kaka, rafiki yake kaka tuliyemwita Kinyozi kwa kazi yake, na mimi.

Mchezo wetu ulikuwa wa kusimulia. Mmoja ni msimulizi, anaumba nchi, mito na watu wa njiani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema anataka kufanya nini, kisha dadu linaamua kama amefaulu. Tulikuwa na sheria moja kubwa: kilichotamkwa mezani kimetokea, hakifutwi.

Msimulizi alikuwa kaka. Kazi yake ni kutengeneza redio, lakini kipaji chake ni sauti za watu. Mama alipofariki, baba alikaribia kuwa bubu. Alirudi kutoka kupaka rangi nyumba za watu, akala, akasema asante, akalala. Tukambembeleza aje mezani. Mhusika wake, msafiri mzee, alipofika mtoni, kaka alisonya, akaweka mkono kiunoni, akawa mwanamke mwenye kivuko.

"Mheshimiwa! Rangi mpaka masikioni! Kanawe kwanza, ndipo upande chombo changu."

Alikuwa mama mwenyewe, hata hiyo "mheshimiwa" yake ya utani.

"Nimechoka, mama watoto," baba alijibu taratibu. "Nivushe hivihivi."

"Wewe lini hujachoka?"

Baba akacheka. Tulikuwa tumesahau kicheko chake kilivyo.

Tangu hapo, popote safari ilipoelekea, baba alitafuta sababu ya kupita mtoni.

"Mzee, sisi tunapanda mlima," Kinyozi alilalamika siku moja. "Mto tumeuacha huko nyuma!"

"Nimesahau kofia," baba akasema.

Hatukumwuliza kofia gani.

Pombe iliingia kwa adabu, ndugu zangu, kama mgeni aliyepiga hodi. Kinyozi alikuwa amefungua duka lake mwenyewe, akaja na chupa.

"Kidogo tu, mnipongeze. Au mnanionea wivu?"

Jumapili iliyofuata akaja na nyingine, na sheria mpya: dadu likionyesha moja, aliyelirusha anapiga funda. Tulicheka. Mimi na baba tuliruhusiwa kunywa chai. Hatukufikiri kwamba msimulizi ndiye anayerusha dadu mara nyingi kuliko wote. Analirusha kwa ajili ya mazimwi, mvua, majambazi, hata punda wa njiani. Kila kilichokosea katika nchi ile, kaka alikinywea.

Akaanza kusahau majina ya vijiji alivyoviumba mwenyewe. Mwanamke wa kivukoni akawa na sauti nzito, na mara nyingine matusi. Katikati ya juma pia chupa ikawa inakaa chini ya meza yake ya kazi, na redio za watu zikarudi kwa wenyewe zikiwa bado bubu.

"Mwanangu," baba alimwomba, "leo weka glasi pembeni. Nataka kuvuka."

"Aa, baba! Si mchezo tu?"

Jumapili hiyo baba alikuwa amevaa shati safi. Msafiri wake alipofika mtoni, alikohoa kidogo, akasema, "Mama watoto, nina habari. Kile chumba chetu nimekipaka rangi uliyoitaka. Miaka yote nilikwambia kesho. Sasa nimekipaka."

Nikamtazama kaka. Jibu, niliomba moyoni. Mjibu.

Kaka alikuwa anaurushia upepo dadu. Likaanguka moja.

"Funda!" Kinyozi akapiga meza.

Kaka akanywa, akapuliza mapovu ndani ya glasi, akaangua kicheko. "Upepo huo! Chombo kimepinduka! Bibi kazama, kwaheri bibi!"

Kinyozi alianza kucheka, kisha akamwona baba, akaacha.

"Amekufa?" baba akauliza.

"Amekufa, baba. Kilichotamkwa kimetokea!"

Baba akanyoosha karatasi yake, akaweka penseli juu yake, akasema, "Nashukuru." Alipofungua mlango wa chumba chake, harufu ya rangi mbichi ikatufikia mezani.

Asubuhi kaka alipiga magoti mlangoni. "Baba, nisamehe. Tuseme aliogelea. Tuseme yu hai."

"Hapana, mwanangu. Nimeshamzika mara mbili. Ya tatu sitaiweza."

Kaka akaacha pombe. Haikuwa rahisi, alitetemeka, alianguka, akasimama tena, akisaidiwa na mganga wa zahanati na Kinyozi mwenyewe, aliyezimwaga chupa zake kwa aibu. Ilipita miezi mingi kabla baba hajakubali kuketi tena nasi. Kaka akaweka mkono kiunoni, akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mwanamume aliyekauka koo. Akajaribu tena, mpaka machozi yakamtoka.

"Kichwani namkumbuka, baba. Nikitaka kusema, naisikia ile sauti ya kilevi."

Baba akamshika bega. "Hata mimi, mwanangu. Ndiyo ninayoisikia."

FUNZO

Ndugu zangu, msiseme pombe ya mchezo ni mchezo. Mahali watu wanapokutana ili wapendane na kukumbukana, pombe haiwi mgeni wa kukaa kimya. Itataka kusema, na itasema kwa mdomo wa mtu mnayempenda. Afya ya kaka imerudi, na redio zinaimba tena. Lakini kuna vitu ambavyo pombe ikivichukua, hata anayeiacha harudishiwi. Mwenye glasi mezani leo, aiondoe leo, wakati bado kuna mtu anamsubiri amjibu.