Mtoa Habari Namba Tatu

“Ukurasa wa kumi na nne,” Araba alisema. “Chini kabisa. Soma kwa sauti.”

Selorm aliweka kijiko pembeni ya sahani ya wali wa jolofu. Ukumbi wa chakula wa chuo ulijaa wanahistoria wenye vitambulisho shingoni, wakibishania miaka na tarehe kama mashabiki wa mpira wanavyobishania penalti. Ulikuwa mkutano wa mwaka wa chama chao, na safari hii ulifanyika Cape Coast, nyumbani kwao Araba.

“Watu wanakula, Araba.”

“Waache wale. Wewe soma.”

Akasoma. “‘Mahojiano na Mtoa Habari Namba Tatu, Egyaakrom, mwezi Machi.’”

“Namba Tatu ni nani?”

“Unamjua.”

“Mimi namjua. Profesa Lamptey anamjua? Yule bwana wa Lagos anayepambana na paja la kuku pale anamjua?”

Selorm akaigeuza karatasi kifudifudi. Hapo ndipo penye kidonda. Namba Tatu alikuwa bibi yake Araba, Maame Esi Kwansima, mbanika samaki wa Egyaakrom, mwenye miaka themanini na miwili na ulimi unaowasha kuliko pilipili ya kulia donge la kenke. Selorm, mtoto wa Ho, mkoa wa Volta, wakati ule hakujua Kifante zaidi ya salamu. Araba ndiye aliyempeleka kwa bibi, akaketi kati yao wiki tatu akitafsiri huku moshi wa samaki ukimtoa machozi. Na bibi alikubali kufungua kinywa kwa sharti moja tu. “Jina langu litajwe mbele za watu,” alisema. “Mama yangu hawakumtaja.”

Mama yake, Ekua Bentsiwa, ndiye aliyewaongoza wanawake wa Egyaakrom kugoma kuuza samaki enzi za mkoloni, mpaka ushuru wa soko ukaondolewa. Katika jalada la serikali, karani wa Kiingereza aliandika maneno machache tu: “mwanamke mmoja mpiga kelele.” Jina hakuliandika.

“Kurasa thelathini,” Araba aliendelea, “unamsuta karani wa mkoloni kwa kumficha Ekua Bentsiwa. Halafu wewe unamficha binti yake. Karani angalau aliandika ‘mwanamke’. Wewe umempiga namba kama kreti la soda.”

Selorm alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Araba aliijua ishara hiyo. Siku ya kwanza walipokutana, kwenye meza ya hifadhi ya nyaraka ambako kalamu ya wino ni marufuku, aliifuta hivyo hivyo kabla ya kumwazima penseli. Penseli hiyo Araba hajairudisha mpaka leo.

“Sikumficha kwa ubaya,” Selorm alisema. “Ni ile fomu ya maadili ya utafiti. Niliijaza mwaka juzi, kabla sijafika Egyaakrom. Kuna kisanduku kinasema majina ya watoa habari yatafichwa kwa usalama wao. Nikatia tiki. Kila mtu hutia tiki.”

“Usalama gani? Samaki watamshtaki?”

“Nikimtaja kesho, nimevunja fomu yangu mwenyewe, wataniengua kwenye shindano la Dakar. Tuko watano, Araba, na nafasi ni moja. Mwaka mzima Dakar, mshahara, ofisi, kazi kuandika kitabu tu. Unaujua mkataba wangu hapa.”

Araba aliujua, maana na wake ulikuwa huo huo: wa muhula mmoja mmoja, kila likizo unangoja barua kama mgonjwa anayengoja majibu ya damu. Hakuwa mjinga wa kuidharau Dakar.

“Ulimwahidi, Selorm.”

“Nilimwahidi kwa Kifante chako. Wewe ndiye uliyetafsiri.”

“Kwa hiyo kosa ni la mkalimani?”

Selorm aliinama, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Na huyo bibi yako, mwaka mzima ananiita ‘mtu wa Volta’. Hajawahi kunitaja kwa jina, hata siku moja. Leo jina limekuwa jambo kubwa?”

Lilimchoma Araba, kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini kweli hiyo haikulifuta deni la ahadi.

Simu ikaita. Alikuwa bibi mwenyewe. Araba aliiweka mezani, sauti juu, ili Selorm asikie.

“Araba, huyo mtu wa Volta anazungumza saa ngapi kesho?”

“Saa nne asubuhi, Nana.”

“Jina langu linakuja mwanzoni au mwishoni? Nataka kujua kama nina nafasi ya kuchelewa. Maame Yaaba anakuja na mimi, na unajua miguu yake.”

“Wahi mapema, Nana.”

“Nimeshona nguo ya kitambaa kipya. Egyaakrom nzima inajua. Hata mchungaji nimemwambia, akasema ataniombea, nikamwambia aombee wanaonionea wivu. Na Jumamosi bado ipo?”

Araba alimtazama Selorm. Jumamosi wajomba wa Selorm walitakiwa waje kutoka Ho na chupa mbili za pombe ya schnapps, kubisha hodi na kumposa Araba. Bibi ndiye mama mkuu wa ukoo. Bila neno lake chupa hurudi zilikotoka.

“Tutaona, Nana.”

“Tutaona nini? Wageni wanakuja au hawaji?”

Bibi alikata simu. Selorm alikuwa ameshika kichwa.

“Sikiliza,” Araba alisema, akikusanya karatasi zake. “Sikuambii uchague kati yangu na Dakar. Ukishinda, nitapiga makofi na kukusindikiza uwanja wa ndege. Lakini kesho ukimwita bibi yangu Namba Tatu akiwa amekaa pale na kitambaa chake kipya, Jumamosi usilete chupa. Wajomba zako nawaheshimu, sitaki wasafiri bure.”

“Unaniwekea masharti?”

“Nakuwekea tanbihi. Tena hii ina jina.”

Jioni ujumbe uliingia.

“Nimeongea na msimamizi wangu. Anasema nisiguse kitu. Nikishinda, nitarekebisha kwenye kitabu. Nisamehe mpenzi.”

Araba aliusoma mara mbili, akaandika: “Bibi ana miaka themanini na miwili. Kitabu chako kitatoka lini?”

Tiki mbili za buluu zilitokea. Jibu halikuja.

Asubuhi, saa tatu na nusu, Maame Esi Kwansima aliingia ukumbini na wenzake wawili, wote watatu wamevaa kitambaa kimoja cha zambarau, vilemba vimesimama kama minara. Kichwani mwake alibeba beseni la samaki wa moshi lililofunikwa kwa majani. Harufu ilitangulia, yeye akafuata.

“Nana, samaki wa nini?”

“Walimu hawali? Wamekonda wote. Angalia yule.”

“Yule ndiye mwenyekiti wa kamati ya nafasi ya Dakar, Profesa Lamptey.”

“Ndiye ninayemsema.”

Wakaketi safu ya tatu. Zamu ya Selorm ilipofika, alipanda jukwaani na suti yake moja. Alianza vizuri. Alieleza ushuru, soko, mgomo. Alipofika kwenye jalada la karani na “mwanamke mmoja mpiga kelele”, ukumbi ukaguna kwa uchungu, vichwa vikatikisika. Bwana wa Lagos aliandika kitu. Araba hakuhitaji kuambiwa kwamba nafasi ya Dakar ilikuwa tayari mkononi mwa Selorm. Alibakiza tu kukunja vidole.

“Lakini kumbukumbu haikufa,” Selorm alisema. “Kama alivyosimulia Mtoa Habari…”

Akasita.

Araba aliona alichokiona Selorm. Bibi alikuwa amenyoosha mgongo. Alikuwa anaweka kilemba sawa kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha. Maame Yaaba alimgusa kiwiko: sasa, sasa ndiyo zamu yako.

Selorm alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Halafu akasukuma karatasi pembeni.

“Kwenye makala mliyonayo nimeandika Mtoa Habari Namba Tatu. Futeni,” alisema. “Aliyesimulia haya anaitwa Maame Esi Kwansima wa Egyaakrom. Yule ‘mwanamke mmoja’ wa karani alikuwa mama yake mzazi, Ekua Bentsiwa. Na swali lolote nililouliza, na jibu lolote nililolielewa, lilipitia kwa Bi Araba Eshun, ambaye naye sikumtaja popote. Nimemlaumu karani kurasa thelathini, kumbe mimi na yeye tunaandika kwa mkono ule ule.”

Kisha akageuka kwa bibi na kusema kwa Kifante chake kilichopinda kama barabara ya mlimani, “Nana, nilikuahidi. Nimechelewa.”

Vichwa vikageuka kumtazama bibi. Profesa Lamptey, mwanamke mwembamba mwenye mvi fupi, akavuta kipaza sauti.

“Bwana Agbenyo, fomu yako ya maadili inasema majina yatafichwa. Unajua ulichokifanya?”

“Najua, Profesa. Niliijaza kabla sijakutana naye. Nilipaswa kurudi kuomba ibadilishwe, sikurudi. Kosa ni langu.”

“Maame,” Profesa alimgeukia bibi, akingoja Araba atafsiri, “uliridhia jina lako litajwe?”

Bibi alisimama. Hakuhitaji kipaza sauti.

“Mwambie huyu mama, nimeamka alfajiri, nimelipa nauli ya watu watatu na beseni. Nimekuja kufichwa?”

Waliojua Kifante walicheka kwanza, waliobaki walicheka Araba alipotafsiri. Hata Profesa aliuma mdomo. Lakini sheria haichekeshwi. Mchana matokeo yalisomwa, na jina la Selorm halikuwemo; kazi iliyotofautiana na kibali chake haishindani. Nafasi ya Dakar ilikwenda kwa Chinelo Ugwuoke wa Nsukka. Selorm ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, na Araba aliona jinsi mikono yake ilivyokuwa mizito.

Alimkuta nje, ameegemea ukuta, anakula samaki wa bibi kwa vidole.

“Umeikosa Dakar,” Araba alisema.

“Nimeikosa. Inauma, usiniambie haiumi.”

“Sijasema.”

“Nilikaa jana nikijiambia ni jambo dogo, ni fomu tu. Halafu akashika kile kilemba.” Akameza. “Araba, kama ningesema namba, ningeishi Dakar mwaka mzima na kile kilemba.”

Araba alimpokonya kipande cha samaki. Kabla hajajibu, Profesa Lamptey alitokea mlangoni, naye ana mkia wa samaki mkononi.

“Bi Eshun. Ile fomu niliiandika mimi, miaka kumi iliyopita. Haina mahali pa mtu anayetaka kutajwa. Niletee rasimu mpya Jumatatu.”

“Nitaleta, Profesa.”

“Na kanda za mahojiano hayo, mnazo zote?”

“Saa kumi na tisa za sauti.”

“Basi makala iandikwe upya, majina matatu juu, la Maame likiwa la kwanza. Jarida letu lina nafasi toleo la Desemba. Mshahara wa Dakar hatuna.” Alimtazama Selorm. “Na wewe, maombi ya mwakani yanafunguliwa Februari. Nikikuta umetia tiki bila kusoma, nitakuchapa.”

Alipoondoka, Selorm aliuliza kwa woga, “Na Jumamosi?”

“Wajomba zako wameshakata tiketi?”

“Wameshakata.”

“Basi mimi nani niwapotezee watu nauli?”

Jumamosi, saa nne, hodi ilisikika nyumbani Egyaakrom. Mjomba mkubwa wa Selorm, mzee mrefu wa Ho aliyejifunga kitambaa cha kente begani, aliweka chupa mbili mezani, akakohoa.

“Tumepita njiani tukaona ua zuri katika nyumba hii,” alianza, kama desturi inavyotaka. “Tumekuja kuomba ruhusa tulichume.”

“Ua,” bibi alisema kutoka kitini. “Nyumba hii haina maua, ina watu. Mtu huyo ana jina?”

Wajomba wakatazamana. Hilo halikuwa kwenye desturi. Selorm, ambaye kwa desturi ya posa hii alipaswa kukaa kimya mwanzo hadi mwisho, alisimama. Hakuwa na karatasi.

“Anaitwa Araba Eshun,” alisema kwa Kifante. “Binti wa Aba Kwegyirba. Aba ni binti wa Esi Kwansima. Esi ni binti wa Ekua Bentsiwa, aliyeinyima serikali samaki.”

Wanawake waliokuwa nyuma, wamekaa kwenye ngazi na vibanda vya kubanikia, walishangilia. Mama yake Araba alijifuta macho kwa kanga ya begani. Bibi hakutikisika.

“Araba,” aliita. “Tuzipokee chupa hizi?”

Araba alikaa kimya, kama binti anavyotakiwa.

“Araba, tuzipokee?”

Alimtazama Selorm. Alikuwa ameishika miwani yake mkononi, anaifuta, haoni hata mita moja mbele yake.

“Araba. Mara ya tatu. Tuzipokee au wazirudishe Ho?”

“Zipokeeni, Nana,” Araba alisema. “Na anayeandika kumbukumbu ya leo aandike majina yote. Asiache hata la dereva.”

Kicheko kikazunguka ua mzima. Chupa moja ikafunguliwa, tone likamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, na bibi mwenyewe akamtaja Ekua Bentsiwa kwa sauti iliyofika ufukweni. Sahani zikaanza kupita. Selorm alibaki amesimama, hajui aende upande wa wajomba au wa wakwe.

Bibi alivuta kigoda kwa mguu, akakiweka karibu na kiti chake.

“Unasimama nini kama mlingoti?” alimwambia. “Selorm, njoo ukae ule.”