Uzi wa Utosini Hadi Kisiginoni

Haya, mmenikalia tena miguuni na chai yangu inapoa. Kila mgeni akihamia jengo hili mnamleta kwangu: bibi, msimulie ile ya Jeanne. Mimi si redio. Tena mnaipenda kwa sababu haikuwahusu. Mngeliona lile sanduku mngenyamaza. Nitaisema leo, na ni kwa ajili ya jambo lililonijia mlangoni Jumamosi iliyopita. Mwenye moyo mwepesi atoke sasa, mlango uko wazi.

Jeanne alikuwa fundi cherehani, ghorofa ya pili, hapa hapa Doornfontein. Mwanamke mfupi, mikono myepesi, ulimi mzito. Hakusoma. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kwa heshima tu, namba zake hakuzijua. Alipima kwa uzi, kama mama yake kule Bukavu, Congo: fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno. Wateja walicheka mpaka walipovaa nguo.

Mama yake alikuwa na kazi mbili. Aliwashonea wazima, na alimpimia seremala maiti. Akamwachia binti sharti moja. Mtu mzima unampima vipande vipande, bega peke yake, kiuno peke yake, na ukishashona unafungua mafundo na kuuchoma uzi siku ileile. Anayepimwa kwa uzi mmoja, kutoka utosini hadi kisiginoni, ni maiti. Uzi wa namna hiyo ukizikwa njia panda, njia itakuja kumdai aliyepimwa.

Jeanne alilishika sharti hilo miaka yote. Mpaka akaja Kathambi.

Lakini nianze na Orpha. Orpha alikuwa msusi mjini, na ndiye aliyekuja na Jeanne kutoka Congo. Lori moja, godoro moja, miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi baada ya kazi Orpha alipanda ngazi hizi na mfuko wa samaki, Jeanne anapika sombe, yaani kisamvu, wanakula kwenye sinia moja, kisha Orpha anamsuka mwenzake huku wakiwasengenya wateja. Wengine wana waume. Jeanne alikuwa na Jumamosi.

Mwaka 2016, Kathambi akaja kusukwa. Mkenya, mrefu kama nguzo, anafanya kazi benki, anakaa Randburg. Alikuwa amesoma Uingereza, na huko alijifunza mchezo wa kutembea kwa baiskeli siku nzima bila kwenda popote.

"Unatoka asubuhi na mkate mfukoni," alimwambia Orpha. "Unapita vinjia vya mashamba, ua wa miti huku na huku. Ukichoka, kuna kijiji, kuna kanisa, kuna vibibi wanakuuzia chai na keki. Jioni unarudi nyumbani."

"Na mnashindana?"

"Hatushindani. Kila njia panda tunasimama tunamngoja wa mwisho. Hiyo ndiyo sheria yenyewe."

Alikuwa ameunda kikundi hapa, watu wanane, wanaelekea vilima vya Muldersdrift kila Jumamosi. Akampa Orpha baiskeli yake kuukuu. Wakawa tisa.

Jumamosi ya kwanza sombe ilipoa. Ya pili ikachacha. Ya tatu Jeanne hakupika. Orpha alikuwa akifika Jumapili, uso umebabuka kwa jua, ananuka mafuta ya kujipaka, na simu imejaa picha.

"Ona, dada, hapa tulikunywa chai juu ya jiwe. Bila sukari! Kathambi anasema sukari ni mazoea tu."

"Anasema."

"Eish, usininunie. Njoo siku moja."

"Mimi na makalio haya, juu ya waya?"

Orpha akacheka. Na kicheko hakikuwa chake. Kilikuwa kirefu, kinapandia puani. Kilikuwa kicheko cha Kathambi.

Wivu wa mume una dawa. Utamfukuza, utamroga, utamzeekea. Wivu wa shoga hauna. Utamwambia nani? Watakucheka.

Mwezi wa saba Kathambi mwenyewe akapanda ngazi na kikundi chake chote. Alitaka jezi tisa za kijani, zenye mifuko mgongoni. Jeanne akapima. Alipofika kwa Kathambi, akapanda juu ya stuli, akaweka ncha ya uzi utosini, akauteremsha taratibu... mgongoni... magotini... mpaka kisigino. Akafunga fundo.

"Fundi! Kwani unanishonea kanzu?"

"Simama wima," alisema Jeanne.

Nyuzi nane alizichoma. Ule mmoja akaukunja, akautia ndani ya sidiria.

Nasema kweli, hata hapo alikuwa bado anaweza kurudi. Aliniambia mwenyewe, mwishoni, alipokuwa hana tena haja ya kudanganya. Kilichomsukuma ni ndara.

Ijumaa jioni alipeleka jezi Randburg. Jua lilikuwa linazama, baridi imeanza kuuma. Mlangoni kwa Kathambi palikuwa na viatu vya mwenye nyumba, na kando yake ndara za buluu, kamba ya kushoto imeshonwa kwa uzi mweupe. Ndara za Orpha. Jeanne ndiye aliyeishona ile kamba. Mtu akiacha ndara kwa watu, si mgeni tena.

Hakuingia. Aliacha mfuko mlangoni akashuka.

Pale kwenye robot, taa za barabarani, kona ambapo kikundi kilikuwa kikikutana, palikuwa na kipande cha bustani kilichokauka. Jeanne akachutama kama mtu anayefunga kiatu. Akafukua kwa vidole. Akauweka uzi, akaufukia.

Robot ikawa nyekundu. Magari yakasimama yote. Kukawa kimya...

Tik. Tik. Tik-tik-tik-tik.

Gurudumu la baiskeli, lile linalojizungukia lenyewe mtu akiacha kukanyaga.

Kisha harufu. Mbao mbichi na vanishi. Jeanne aliijua tangu utotoni. Ni harufu ya karakana ya yule seremala wa Bukavu.

Mwanamume alikuwa amesimama nyuma yake, mguu mmoja chini, mwingine juu ya baiskeli nyeusi ya kizamani. Taa za magari zilimmulika, na bado uso wake haukushikika. Ukiutazama unausahau papo hapo.

"Umezika kipimo," alinong'ona. Kwa adabu, kama mteja.

Jeanne akapangusa udongo vidoleni.

"Cha nani?"

"...Cha yule mrefu."

"Umeshona jezi ngapi?"

"Tisa."

"Nitakuja na yangu."

Robot ikawa kijani. Magari yakapita katikati yao. Hakukuwa na mtu.

Jumamosi alfajiri Jeanne alimpigia Orpha simu: leo ninakuja. Orpha akapiga kelele za furaha. Walimpandisha bakkie, pikapu ya Marcellin, Mkongo mwenzetu aliyekuwa akiwabebea chai na keki. Mnadhani alikwenda kuzuia? Hata. Alikwenda kutazama.

Majani ya kipupwe yalikuwa meupe kama nywele za mzee, sehemu nyingine yameungua, majivu yanaruka. Baiskeli zilikwenda mbele kwa mstari, jezi za kijani, na bakkie nyuma. Njia panda ya kwanza Kathambi akasimama, akahesabu kwa kidole.

"Tisa... kumi?"

Mbali nyuma, nyuma hata ya bakkie, mtu mmoja juu ya baiskeli. Jezi ya kijani. Wao waliposimama, naye alisimama.

"Labda anataka kujiunga," alisema Orpha. "Tumngoje."

Walingoja. Hakusogea. Walipoondoka, akaondoka.

Njia panda ya pili alikuwa karibu zaidi. Jeanne aliona mshono wa mfuko wa mgongoni pale alipojigeuza kidogo. Mshono wa kurudia, mistari miwili, na fundo dogo pembeni. Mkono wake mwenyewe. Jezi ambayo hakuishona.

"Marcellin, unamwona yule?"

"Nani, mama? Vumbi tu."

Njia panda ya tatu ndipo pa kunywa chai. Yule amesimama kwenye kona, hatua mia mbili, mguu mmoja chini. Upepo ukaleta ile harufu ya vanishi.

"Pengine amepata pancha, anaona haya," alisema Kathambi. Akaweka kikombe chini. "Namfuata."

Na moyo wa Jeanne, Mungu amsamehe, ukaruka kwa furaha.

"Nakuja nawe," alisema Orpha.

Furaha ikakatika.

"Orpha, kaa. Mwache aende mwenyewe."

"Mtu haachwi nyuma peke yake, dada. Si wewe ulinifundisha, kwenye lori?"

Akapanda baiskeli. Wakaondoka sambamba, bega kwa bega, wanacheka kicheko kimoja.

Jeanne alikimbia. Na makalio yale, na viatu vya kanisani, juu ya changarawe. Aliita, hawakusikia. Upepo ulikuwa umekufa. Ndege wamenyamaza.

Tik. Tik. Tik.

Alipofika kwenye kona aliwakuta wamesimama, baiskeli zimelala. Kathambi ameganda wima, midomo ya majivu, macho wazi hayaoni. Orpha naye ameganda, amemshika mkono. Nyuma ya Kathambi yule mwanamume amenyanyua uzi, una udongo bado. Ncha moja utosini. Anauteremsha taratibu... mgongoni... magotini...

"Mwache!"

Mkono ukasimama, shibiri moja juu ya kisigino.

"Ni mimi niliyeuzika," alisema Jeanne. "Hana kosa. Nimejuta."

"Majuto si kipimo," alinong'ona yule. "Njia imeahidiwa urefu. Hairudi mikono mitupu."

"Chukua kwangu."

Akamtazama kuanzia utosini hadi miguuni, kama fundi anavyomtazama mteja.

"Wewe ni mfupi."

"Chukua hichohicho. Kidogo kidogo, kila Jumamosi."

"Na kitakachopungua?"

Hapa ndipo ninapomlaumu, na nilimwambia kitandani pake bila kumficha. Angesema neno lolote. Angesema nisamehe. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ile mikono miwili, wa Orpha ndani ya wa Kathambi, vidole vimesukana kama nywele. Hata pale. Hata saa ile. Wivu ukamjibia.

"Kitakachopungua," alisema, "chukua kwa aliyenipotezea Jumamosi zangu."

Alimaanisha Kathambi. Bila shaka alimaanisha Kathambi.

Yule mwanamume alitazama mikono ile kwa muda mrefu. Akaukunja uzi, akautia mfuko wa mgongoni.

"Sawa, fundi."

Kathambi akaanguka. Wengine walipofika walisema ni jua, ni njaa, ni presha. Hakukumbuka kitu. Ila hakupanda baiskeli tena, na mwaka uliofuata akarudi Nairobi. Kikundi kikavunjika.

Orpha akarudi kwa Jeanne. Kila Jumamosi, samaki, sombe, sinia moja. Jeanne alikuwa amepata alichokitaka chote.

Jumamosi ya tatu sketi yake ikagusa sakafu. Alidhani kiuno kimelegea. Akapunguza pindo. Jumamosi iliyofuata ikagusa tena. Akapunguza tena. Nilimwona akiweka kitabu chini ya miguu ili aifikie pedali ya cherehani, kisha vitabu viwili, kisha tofali. Hospitalini walimpiga picha, wakasema ni mifupa, huliwa uzeeni. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Mchungaji alimwombea siku tatu, akamkemea pepo, akala kuku, akaondoka.

Orpha alimsuka mpaka mwisho. Mwanzo alimsuka ameketi kwenye stuli. Halafu kwenye ndoo. Halafu mapajani, kama mtoto.

Alikufa mwaka jana, mwezi wa saba, Jumamosi. Siku mbili kabla aliniita akanieleza yote niliyowaeleza, kwa sauti ambayo haikupungua hata kidogo. Mpimaji wa sanduku alipima mara mbili, akanitazama, akapima tena. Tulimzika katika sanduku la mtoto wa miaka saba. Nikasema basi, amelipa, tupumzike.

Lakini mimi nami nilishona zamani, na fundi haachi kuhesabu. Kathambi alimzidi Jeanne shibiri nzima na vidole vinne. Nilijiuliza mara nyingi njia itakwenda kuidai wapi shibiri hiyo. Nikafikiri Nairobi. Nikamwombea yule binti wa watu.

Nilikuwa nimesahau kwamba njia haijui unachomaanisha, inajua ulichosema. Kathambi hakuwahi kula sombe kwenye ile sinia. Aliyeziacha zile Jumamosi, aliyeondoka nazo kwa miguu yake mwenyewe, ni mmoja tu.

Jumamosi iliyopita jioni mlango wangu uligongwa. Alikuwa Orpha, na sketi mkononi, moja ya kijani aliyoshonewa na Jeanne mwaka ule wa jezi kwa kipimo chake halisi.

"Bibi," alisema, "nipunguzie pindo. Sijui imekuwaje, siku hizi inaburuta."