Bunduki Iliyorudi Bila Mwenyewe

Kopo la mafuta lilimwishia mjane mkononi jua likizama. Bunduki ya marehemu mumewe ilikuwa mezani imefunguliwa, ile ya kuwindia, inayokokiwa kwa kuvuta mkono wa mbao ulio chini ya mtutu. Ilirudishwa nyumbani pamoja na maiti.

Tangu mazishi alikuwa akiisafisha kama mumewe alivyomfundisha: kwanza risasi zitoke, achungulie chemba risasi inamokaa, apitishe kitambaa ndani ya mtutu kwa ufito, mwisho mafuta kidogo. Hakuwa amelia hata mara moja. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama fizi baada ya sindano ya daktari wa meno.

Lakini kila jioni kitambaa kilitoka cheusi, kikinuka baruti mbichi. Kana kwamba kuna mtu ameshinda nayo porini.

Akajifunga mtandio, akavuka barabara hadi kwa fundi cherehani, mgeni aliyehamia mtaani juzijuzi.

"Fundi, nigawie mafuta ya cherehani kidogo."

Fundi akainua uso. "Jamani mama, si nimempa bwana hapa sasa hivi?"

"Bwana gani?"

"Mumeo! Mrefu, ana kovu shavuni. Anasema bunduki inamngoja." Fundi akacheka. "Nikamtania, akiniona nachechemea asidhani ni swala."

Mjane alitaka kushtuka. Mshtuko haukuja.

"Haya, asante fundi," akasema, akarudi.

Mlangoni akasimama.

Kra-chak.

Sauti ya bunduki kukokiwa ilitoka ndani. Polepole, kama mtu anayejaribu kazi yake.

Kra-chak...

Chumba kilinuka udongo uliofukuliwa. Bunduki ilikuwa imefungwa tena, nzima, inang'aa mafuta. Kiti cha mumewe kilikuwa kimevutwa nyuma.

"Funga mlango," kitu kikanong'ona.

Akafunga.

"Mdogo wangu anakuja lini?"

Shemeji. Ni yeye tu aliyekuwa porini na marehemu. Ni yeye aliyesema kaka alikuwa akiifuta bunduki, ikafyatuka yenyewe. Na mjane alijua kuwa mumewe hakugusa kitambaa kabla ya kutoa risasi, hata siku moja. Alijua, akanyamaza msiba mzima.

"Kesho," akajibu. "Anakuja kuichukua."

Kisha pumzi ya baridi sikioni...

"Basi kesho usiiguse."

Shemeji alifika mchana, akaipakata bunduki kama mtoto aliyepotea akapatikana.

"Haina kitu humu, shemeji?"

"Angalia mwenyewe."

Akavuta mkono wa mbao, akachungulia, akaingiza na kidole. Chemba ilikuwa tupu.

"Shemeji," mjane akasema taratibu, "iache."

"Bunduki ya kaka yangu nimwachie nani?" Akaitundika begani kwa mkanda, akatoka.

Mjane alimtazama kupitia dirisha. Shemeji alifika getini. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye komeo, ikihangaika nalo.

Kra-chak.

Akageuza shingo kutazama begani.

Mlio ukapasua mchana.

Askari walikuja, wakapima, wakauliza. Mkubwa wao akanusa mtutu, akaumulika kwa tochi, akanusa tena.

"Mama, bunduki hii haijapigwa. Ndani ni safi kama kijiko."

"Ndiyo," mjane akasema.

"Sasa huyu kauawa na nini?"

Askari akawaambia wenzake waifunge bunduki kwenye gunia. Wakaondoka nayo, na maiti nyuma ya gari.

Jioni mjane akaingia bafuni kuoga. Alipovua blauzi, harufu ikamfikia: baruti mbichi. Akasugua mikono kwa sabuni hadi ngozi ikakunjamana. Harufu ikabaki.

Akainua macho kwenye kioo.

Kwenye bega la kulia, pale mpigaji huegemeza bunduki, alikuwa na jeraha la damu iliyovilia, jipya, pana kama kitako cha bunduki.

Akalibonyeza kwa kidole gumba. Akalibonyeza tena, kwa nguvu zake zote.

Halikuuma.