Waridi Zilizosafiri kwa Meli

Kila likizo Nzembi aliamka alfajiri, akachemsha chai, kisha akafuatana na mamake kutoka mtaa wao wa Jamhuri hadi shamba la maua huko Karen. Mamake alikata waridi. Nzembi alishinda na Munyiva, jirani yao aliyemlea tangu uchanga, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga waridi katika maboksi.

Mwaka huo wanunuzi wa ng'ambo walilalamika kwamba ndege zilizobeba maua zilichafua hewa mno. Msimamizi, Bwana Kinyanjui, akaamua kujaribu meli, kwa kuwa moshi wake ni kidogo kwa mzigo uleule.

"Baharini ni wiki nyingi," alionya. "Pakieni waridi zilizofumba tu, zilizochanua zitaoza njiani. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Nzembi aliziona zile zilizofumba hazina sura. Munyiva alipokwenda kunywa uji, mtoto akachomeka waridi zilizochanua katikati ya kila boksi, ili kazi ya Anti Munyiva ipendeze kuliko zote. Wema wa kitoto huo, haukuuliza mtu.

Likizo ikielekea ukingoni, habari ikafika kwamba maboksi ya Munyiva yameoza yote. Akatukanwa na kufutwa kazi mbele ya wenzake. Jioni alikuja kwa kina Nzembi, akalia kama aliyefiwa.

"Haki ya Mungu, Mama Nzembi, mimi nilipanga zile zimefunga!"

Nzembi alimletea chai. Aliogopa kusema ukweli, akakoroga sukari kikombeni. Munyiva akamshika mkono, akamwambia, "Wewe soma, mami, usikuje kufukuzwa kama mimi."

Maneno hayo yalimchoma. Alikaa siku kadhaa bila hamu ya kula, mwisho akamwambia mamake yote. Mama alimpeleka moja kwa moja kwa Bwana Kinyanjui.

"Munyiva arudi," Kinyanjui alisema kwa aibu. "Tutajaribu meli tena."

Lakini nyumba ya Munyiva ilikuwa tupu. Alikuwa amerudi kwao Kitui. Mama alipompigia simu na kumweleza yote, alijibu kwa upole, "Mwambie mtoto nimemsamehe. Lakini huko sirudi. Nilitukanwa mbele ya watu."

Waridi za safari ya pili zilifika salama, na shamba likaendelea kutumia meli. Wafanyakazi walishangilia. Nzembi alilia, moyo umemvunjika.

Mama akamketisha kando yake. "Kukosea ni kwa kila mtu, mwanangu. Lakini ungesema jioni ile alipolia hapa, leo angekuwa jirani yetu. Ukweli useme wakati mwenzako bado anauhitaji."